Kitanzi cha Sitini na Mbili

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwako Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umetoka zamu, umevua viatu na umekaa mahali penye mwanga, kwa maana ni ndefu na sipendi uisome ukiwa umesimama. Habari za huko milimani? Wagonjwa wako wanaendeleaje, na ule mlango wa chumba chako uliosema haufungi sawasawa, hata upepo ukawa ndio unaokuamsha asubuhi? Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Mguu umepata nguvu. Anatoka chumbani hadi sebuleni bila mkongojo, na ulimi wake, ambao daktari alituonya kwamba huenda ukawa mzito, umekuwa mwepesi kuliko zamani. Mkono wa kulia ndio bado. Vidole vinakunjika nusu, kisha vinasita kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Anaufanyisha mazoezi kila Jumanne na Ijumaa, na anautukana kwa majina ambayo sitayaandika hapa.

Nami mdogo wako ni mzima wa afya na wa majivuno, kama ulivyoniacha. Barua ya chuo kuhusu ile nafasi ya mhadhiri msaidizi haijafika. Nimekwisha kuwaandikia mara mbili, nikiwaonyesha kwa hoja saba kwa nini wanakosea kuchelewa. Usicheke. Hoja ya nne ni nzito.

Lakini lililonifanya nishike kalamu leo ni hili: skafu yako imekwisha. Iko mezani mbele yangu, imefuliwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kivulini juu ya taulo. Ina rangi nane, na itakuzunguka shingo mara mbili na kubakiza ncha mbili za kuingiza ndani ya koti. Kifurushi kitaondoka Jumatano. Barua nimeitanguliza kwa makusudi, nikitaka uisome yote kabla hujaifungua skafu yenyewe. Sababu utaiona.

Naanzia pale tulipoachana. Unaikumbuka siku ya mwisho ya zile siku nne ulizopewa ruhusa, tulipokuwa tumesimama nje ya wodi, wewe umeshika mfuko wa plastiki wenye skafu ambayo Mama alikuwa ameifikisha zaidi ya nusu kabla kiharusi hakijamwangusha? Ulitaka kuichukua hivyo hivyo. Ukasema hata ingekuwa shibiri moja ungeivaa, maadamu ni kazi ya mkono wake. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakuomba uiache, nikadai kwamba kitu kilichoanzwa kwa ajili ya mtu hakina haki ya kumfikia nusu. Ukakubali kwa sharti moja. Ukaniambia niendelee pale Mama alipoishia, nifume nitakavyoweza, hata nikiharibu si neno. Lakini nisifumue hata kitanzi kimoja cha Mama. Ukaniapisha. Nikaapa, tena kwa maneno mengi kuliko uliyoniomba, maana unanijua.

Wakati ule nilikuwa sijui hata namna ya kushika sindano za kufumia. Wewe na mimi tumekulia chini ya ile mashine ya Mama, tukilala kwa mlio wake, na masweta ya nusu ya shule za mji huu yamepita juu ya vichwa vyetu kabla ya kuwafikia wenyewe. Ndiyo maana skafu yako ina rangi zile: damu ya mzee ya sekondari ya wavulana, kijani cha wasichana, manjano ya ile shule ya msingi iliyo nyuma ya posta, kijivu, bluu iliyoiva, na nyingine zote zilizobaki kwenye maboksi chini ya kitanda. Lakini mashine ni mashine. Mama aliniambia kwamba kwa ajili yako hakutaka mashine, kwa kuwa masweta ya mashine alikuwa amewafumia watoto wa watu maisha yake yote.

Basi akachagua ule ufumaji anaouita wa mkeka. Sijui kama uliwahi kumtazama akiufanya. Kitanzi kimoja unakifuma; kinachofuata hukifumi, unakihamisha tu kutoka sindano hii kwenda hii, huku ukipitisha uzi mbele yake kama mtu anayekatiza mbele ya mlango bila kubisha. Mstari unaofuata unageuza zamu: kilichorukwa kinafumwa, kilichofumwa kinarukwa. Kwa hiyo unafuma mistari miwili ili upate kimo cha mmoja. Kinachotoka si laini kama sweta. Ni kitambaa kizito, chenye vijinundu kama punje za mchele zilizopangwa, na rangi haziachani kwa mistari mikavu bali zinaingiliana kama majirani wanaoombana chumvi. Ni kizuri mno. Na ni kazi ya kobe. Mtu mwenye mkono mzuri anapata upana wa vidole vitatu kwa siku nzima.

Haya yote niliyajua baadaye. Mwanzoni, siku Mama alipotoka hospitali, nilisimama mbele yake na mbele ya Bi Mkasi nikatoa tamko. (Bi Mkasi ni yule fundi cherehani aliyehamia mlango wa pili baada ya wewe kuondoka. Jina lake lingine silijui, na anavyokata watu kwa ulimi sidhani kama alihitaji lingine.) Nikasema kwamba ufumaji, ukiutazama kwa jicho la falsafa, ni kanuni mbili zinazorudiwa, na jambo lolote lenye kanuni mbili mtu mwenye shahada ya daraja la kwanza anaweza kulimaliza kwa siku kumi. Mama alimgeukia Bi Mkasi akamwambia amsogezee mto mgongoni, kwa kuwa anaona atakaa hapo muda mrefu. Bi Mkasi akasema yeye atakwenda kuleta na wa kwake.

Wiki tatu, Dada. Wiki tatu nilifuma uzi wa kutupa, vipande vya kijivu vya ukubwa wa leso, na kila kimoja Mama alikishika kwa mkono wa kushoto, akakipapasa, akauvuta uzi kikayeyuka mbele ya macho yangu. Hakuwa akitazama. Alikuwa akiongea na Bi Mkasi habari za bei ya vitunguu huku vidole vikinihukumu. Nilimwambia kwamba hukumu isiyotolewa sababu ni udikteta. Akasema sababu ni kwamba nafuma kama mtu anayegombana na uzi, ilhali uzi haujanikosea kitu. Bi Mkasi akaongeza kwamba vitanzi vyangu vimekazwa hivi kwamba mtu akikivaa kile kipande polisi watataka kujua nani aliyemnyonga.

Mwishowe nikaruhusiwa kuigusa skafu yenyewe. Kwanza Mama aliniamuru nipitishe uzi mweupe, mwembamba, kwenye mstari wa mwisho aliofuma yeye, ili mpaka ujulikane: chini ya uzi ule ni yeye, juu yake ni mimi. Nikaupitisha. Kisha nikaanza, na hapo ndipo nilipoonyesha akili yangu ya chuo. Nilikuwa nimefanya hesabu. Sindano nene zaidi hutoa kitanzi kikubwa zaidi. Kitanzi kikubwa hupanda haraka zaidi. Kwa hiyo, nikibadilisha sindano, nitaokoa theluthi ya muda. Nikazitoa zile nene kwenye boksi bila kumwambia mtu. Nilifuma siku tisa, nikijipongeza. Mama alikuwa akinitazama na kunyamaza. Siku ya kumi nikaiinua skafu dirishani nikaona kwamba kuanzia kwenye uzi mweupe ilikuwa imepanuka kama tarumbeta. Bi Mkasi aliuliza kwa upole kabisa kama dada yangu ameota shingo ya pili huko milimani.

Nilimuuliza Mama kwa nini aliniacha siku tisa nzima naye aliona tangu ya kwanza. Akasema sikuuliza. Akasema amenisomesha miaka kumi na saba, na muda wote huo hajaniona nikiuliza swali ambalo jibu lake silijui.

Nilifumua tarumbeta yangu, nikarudi kwenye sindano za Mama, nikaanza upya. Na kuanzia hapo, Dada, nakwambia bila kujikweza, nikawa fundi. Mkono ulikubali. Nilifuma barazani, nilifuma kwenye foleni ya benki hata mlinzi akaja kuuliza ninachotega, nilifuma nikisoma kitabu kilichoegemezwa kwenye birika. Niligundua kwamba kuna utulivu katika kazi isiyoweza kuharakishwa ambao hakuna kitabu chochote kati ya nilivyosoma kilichonipa, na nikamwambia Mama kwamba ipo siku nitaandika makala juu ya jambo hilo. Akanishauri nimalize bluu kwanza.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza mbona naichelewesha, baridi imekwisha kuingia na wewe unajifunga kanga shingoni mbele ya madaktari. Nilikujibu kwamba ufumaji wa mkeka ni wa polepole, kwamba nilipotea kwa sindano nene, kwamba nataka kitu bora na si kitu cha haraka. Kila neno la majibu yale lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nimelizunguka kurasa tatu, na mtu anayejiita bingwa wa hoja hana budi kulitaja kwa jina lake.

Kiapo chako nilikivunja.

Ilikuwa siku ile ya kufumua tarumbeta. Mama na Bi Mkasi walikuwa wamekwenda kliniki kwenye mazoezi. Nilivuta uzi, mistari yangu ikaanguka mmoja mmoja, nikafika kwenye uzi mweupe. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Lakini kwa mara ya kwanza macho yangu, ambayo sasa yalikuwa yamefundishwa, yaliona kazi iliyokuwa chini ya mpaka, na nikaona imejaa makosa. Shibiri ya mwisho ya Mama, Dada, haikuwa kazi ya Mama tunayemjua. Ukingo uliingia ndani na kutoka nje. Palikuwa na vitanzi viwili vilivyofumwa pamoja, palikuwa na mahali uzi ulipopita nyuma badala ya mbele, na kwenye kijivu kulikuwa na kitundu ambacho kidole changu kidogo kiliweza kuingia. Nilichukua daftari nikayaorodhesha yote, mstari kwa mstari, kama ninavyosahihisha insha. Yalikuwa kumi na tisa. Nilikusudia kumsomea siku moja, wakati wa chai, kama jibu la vile vipande vyangu alivyoviyeyusha wiki tatu.

Kisha nikajijengea hoja, na ilikuwa hoja nzuri, ndiyo maana ilikuwa hatari. Nilisema hivi: kazi ya Mama ni ule umahiri wake. Makosa haya si yeye, ni haraka tu au macho kuchoka. Kwa hiyo anayeondoa makosa hamwondoi Mama, bali anamrudisha. Nilipofika kwenye neno "anamrudisha" mkono ulikuwa umekwisha kuvuta. Nilifumua shibiri nzima, hadi chini ya kosa la kwanza, lililokuwa kwenye mstari wa manjano. Nikaifuma upya kwa rangi zile zile na idadi ile ile ya mistari, safi, bila dosari hata moja. Ilinichukua siku kumi na mbili, nikifumia chumbani ili Mama asiipapase. Na nilipoifikisha pale pale ilipokuwa, nikaupitisha ule uzi mweupe juu yake, kana kwamba chini yake bado ni yeye.

Sikuhisi vibaya. Lazima nikwambie hilo pia. Nilijisikia kama mtu aliyemtengenezea mama yake meno.

Wiki tano zikapita. Mama alikuwa akipapasa kile nilichokuwa nikiongeza tu, kila jioni kabla ya chakula, akisema hapa sawa, hapa legeza. Hakuwa na sababu ya kushuka kwenye sehemu yake mwenyewe. Hadi siku moja nilipomtandazia skafu yote magotini ili aone rangi zinavyokaa, akaanza kuipitisha kwenye mkono wa kushoto kutoka ncha ya kwanza, taratibu, kama anayehesabu watu wake. Alipofika mahali fulani mkono ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo. Ukasonga tena. Akauliza huyu hapa ni nani.

Nikajifanya sikusikia. Akauliza tena, na safari hii hakuiita kazi, alisema ni nani huyu aliyekaa mahali pake.

Nikamwambia. Nilitoa na hoja, yote, hatua kwa hatua, nikidhani uzuri wake utanitetea. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba zile zilikuwa wiki mbili ambazo mkono ulianza kumkatalia, kabla hajaanguka, kabla hajamwambia mtu. Kidole gumba kilikuwa kikifa ganzi katikati ya mstari. Kitanzi kilikuwa kikidondoka, naye anakitafuta kwa chupio la nywele. Alijua ndani yake kwamba kuna jambo linakuja, na alikuwa akishindana nalo afikishe skafu yako mbali iwezekanavyo. Akasema hajawahi kufuma kitu kigumu kama kile tangu aliposhika sindano, na kwamba katika masweta yote ya mji huu hakuna hata moja analoweza kujivunia kama shibiri ile mbovu. Na mimi nimeivuta nikaitupa kwa sababu haikunyooka.



Siku tatu hakunisemesha. Alikuwa akizungumza nami kupitia kwa Bi Mkasi, na Bi Mkasi, Mungu amsamehe, alifurahia kazi ile kupita kiasi. Nimekaa nao meza moja, Mama anamwambia amwambie huyo msomi kwamba chai inapoa, naye Bi Mkasi ananigeukia na kunitangazia, kwa sauti ya redio, kwamba taarifa imetufikia hivi punde kuwa chai inapoa. Nilimwomba Mama radhi. Akamwuliza Bi Mkasi kama amesikia mbu. Siku ya nne asubuhi nilikuta ameketi, skafu magotini, mkono wa kulia umelala juu yake kama paka mgonjwa. Akaniambia mimi mwenyewe, bila mkalimani, niketi na nifumue. Nikauliza hadi wapi. Akasema hadi kwake.

Nilifumua wiki zangu tano. Nikafumua na ile shibiri yangu safi. Kisha Mama akaanza kuniamuru namna ya kukosea.

Sijui kama naweza kukueleza ugumu wake. Kufuma sawa, mkono ukishajua, unakwenda wenyewe. Kufuma kosa kwa makusudi, mahali pake hasa, kwa kiasi chake hasa, ni kama kumwigiza mtu anayejikwaa bila wewe mwenyewe kuanguka. Alikumbuka karibu yote. Kwenye rangi ya chungwa, mstari wa nne, vitanzi viwili pamoja, kwa kuwa gumba halikuvitenganisha. Kwenye kijivu, uzi ukipita nyuma mara tatu mfululizo. Pale penye kitundu alinifanya nikiangushe kitanzi, niendelee mistari miwili, kisha nirudi kukidaka kwa chupio, na nilipokidaka vizuri mno alinirudisha. Nilipokaza akasema wakati ule hakuwa na nguvu ya kukaza. Nilipolegeza akasema hakuwa amekata tamaa pia. Nilikuwa nimeleta lile daftari langu, nikamkiri kuwa nilikuwa nalo na kwa nini nililiandika. Aliniangalia sana. Halafu akasema angalau shahada imefuma kitu.

Kumbukumbu yake na daftari langu vilikubaliana kwenye makosa kumi na manane. Lakini kabla hatujafuma hata moja tulikuwa tumegombania la kumi na tisa, ambalo kwa mpangilio wa chini kwenda juu ndilo lililokuwa la kwanza: ule mstari wa manjano. Skafu ina vitanzi sitini na kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba mstari ule una sitini na mbili, na kwamba kile cha ziada kilimezwa kwenye mstari uliofuata. Mama alikataa katakata. Alisema mstari ule aliufuma siku nyingi kabla ya ugonjwa, mkono wake ukiwa mzima, na hakuwahi katika uhai wake kuongeza kitanzi bila kujua. Nikamwambia daftari halina sababu ya kusema uongo. Akasema mwenye daftari anayo historia. Siku mbili tulibishana, na Bi Mkasi akaahirisha kushona gauni la mteja ili asipitwe. Nilijua vema kinachomuuma: kama kosa lile lilikuwapo, basi ugonjwa ulianza mapema kuliko anavyoamini, wakati wewe ungali nyumbani, na amekuwa akijidanganya.

Ningeweza kumwachia. Bi Mkasi alinikonyeza nimwachie. Lakini nilikuwa nimekwisha kumnyoosha Mama mara moja kwa ajili ya uzuri wa hoja yangu, nikaona kumnyoosha mara ya pili kwa ajili ya huruma yangu ni kosa lile lile limevaa nguo nyingine. Nikaufuma mstari wa manjano kwa vitanzi sitini na mbili, kile cha ziada pale pale nilipokuwa nimekiandika, cha ishirini na nane kutoka ukingo wa kulia, nikamwekea magotini.

Alipitisha kidole. Kikasimama. Bi Mkasi akaacha kutafuna. Kisha, Dada, Mama akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi, akipiga paja kwa mkono wa kushoto, na sisi wawili tukimtazama kwa hofu. Alipopata pumzi akatuambia kwamba siku ile ndiyo siku barua yako ya kazi, ile tuliyokuwa tukiingojea, ilipofika. Alikuwa ameketi pale pale dirishani na mstari wa manjano mkononi, nawe ukaingia umevaa shuka lake jeupe kama sare, umejifunga soksi kichwani kuwa kofia ya muuguzi, ukamwamuru mgonjwa atoe ulimi. Aliutoa ulimi, na alipourudisha alikuwa amepoteza hesabu. Aliongeza kitanzi na hakujali. Akamwambia Bi Mkasi kwamba huo si ugonjwa, huo ni wazimu wa binti yake.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Baada ya hapo nilipanda hadi mwisho, wiki zile tano nyingine, na jana nikafunga vitanzi vya mwisho huku Mama akinishikia ncha ya uzi isiteleze.

Sikuombi unihurumie, kwa kuwa huruma haikuwa sehemu ya kiapo. Uliniambia nisifumue hata kitanzi kimoja, nami nimefumua shibiri nzima, tena nikakuficha miezi. Nilichokurudishia ni makosa yake yaliyofumwa kwa mkono wangu, na najua, ingawa ningeweza kubishana kinyume chake kwa saa nzima, kwamba hayo si kitu kimoja. Uzi mweupe nimeuweka mahali pa kweli, chini ya mstari wa manjano. Kuanzia hapo kushuka ni Mama mtupu, hajaguswa. Ukiona huwezi kuivaa sehemu yangu, irudishe. Bi Mkasi anajua namna ya kuikata pale bila kufumuka na kuifunga ukingo, na utabaki na ile uliyoiomba tangu mwanzo. Sitatoa hoja hata moja. Lakini kabla hujaamua nakuomba uhesabu vitanzi vya mstari wa manjano, kutoka ukingo wa kulia, hadi cha ishirini na nane. Hicho nilikifumua kwa kiburi nikakirudisha kwa ukweli, na sasa kiko kama alivyokiacha ulipomchekesha.

Bi Mkasi anakusalimu sana, na anauliza kama huko kuna madaktari wajane. Majirani wote wazima. Mama nimemwuliza salamu gani niandike, akasema nisiandike yoyote, kwa kuwa jibu lako likija halitakuwa langu. Utamwandikia yeye, naye atanisomea anayotaka nisikie. Jifunike vizuri, ule kabla ya zamu na si baada, na ule mlango uwekee kipande cha gazeti chini hadi waje kuutengeneza.

Ni mimi mdogo wako, anayesubiri hukumu,

Hoja